Kuwashwa Baada ya Kumeza Dawa ya Malaria

Ikiwa umefikisha miaka 40 na zaidi, bila shaka unaikumbuka klorokwini. Vidonge vichungu, 10 kwa mtu mzima, vilivyomezwa kwa siku 3. Homa ilishuka, lakini jioni ile ile au kesho yake mwili ulianza kuwasha: viganja, nyayo, kichwani ndani ya nywele, hatimaye kila mahali. Mgonjwa alijikuna usiku kucha, wengine kwa kitana, wengine kwa gunzi la mahindi, na ngozi haikuwa na kipele hata kimoja. Baada ya siku 2 au 3 mwasho uliondoka wenyewe.

Wengi walisema ni damu chafu inatoka. Wengine waliambiwa wana aleji. Sivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba klorokwini huamsha moja kwa moja neva zinazopeleka habari ya mwasho. Ndiyo maana Piriton, ambayo hutuliza mwasho wa aleji, mara nyingi ilisaidia kidogo tu.

Hasara kubwa haikuwa kwenye ngozi. Mtu aliogopa, akameza vidonge vya siku ya kwanza, vilivyobaki akavificha chini ya mto, na homa ikarudi. Tanzania iliacha kutibu malaria kwa klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa sugu, wala si kwa sababu ya mwasho. Lakini nusu dozi ni njia mojawapo ya kuvipa vimelea usugu.

Kwa nini tuyakumbushe hayo leo? Wapo wanaofika zahanati, kipimo kinaonyesha malaria, nao wanasema, "Sista, mimi dawa za malaria zinanikataa." Ukiwauliza ni dawa gani, ni ile klorokwini ya zamani! Dawa mseto ya ALu ni dawa nyingine kabisa. Baadhi ya watu huwashwa nayo pia, lakini si kwa wingi kama zamani. Mtu mzima humeza vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Unapoeleza shida yako usiseme "nina aleji" tu. Taja jina la dawa na kilichokupata.

Vipele, malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, midomo kuvimba au kupumua kwa shida ni jambo jingine. Hapo usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na pakiti ya dawa mkononi. Dawa zenye salfa zinaweza kuwaletea watu wachache hali hiyo. SP, ambayo akina mama wajawazito hupewa kliniki kama kinga ya malaria, ni mojawapo. Mama aliyewahi kudhuriwa na salfa amwambie muuguzi kabla ya kuimeza.