KAMERA ISIYO NA KIOO, NA SURA ZA WAZEE WETU
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Leo tutazungumza habari za kamera. Wekeni madaftari na kalamu karibu, kwa maana mwishoni tutaandika.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Mzee amefariki. Watu wamekusanyika msibani, nao wanatafuta picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Wanafungua masanduku, hawapati. Mwisho wanachukua kitambulisho chake na kukuza ile picha ndogo. Inatoka na ukungu. Wajukuu wanaitazama na kusema, "Babu hakuwa hivi." Ni kweli, hakuwa hivi. Basi, tufanye nini ili jambo hili lisitupate tena?

Kwanza tujue kamera ni nini. Kamera ni sanduku la giza lenye tundu moja. Katika tundu hilo kuna lenzi, na lenzi huingiza nuru. Zamani nuru ilianguka juu ya kioo kilichopakwa dawa, na baadaye juu ya filamu. Siku hizi huanguka juu ya bamba dogo linalotumia umeme, nalo huitwa kihisi.

Hapo zamani kazi hiyo ilikuwa nzito. Mwezi wa Novemba, mwaka 1861, Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Walipoanza safari yao walikuwa na kamera, na Grant ndiye aliyeitumia. Lakini kutengeneza vile vioo vya dawa ndani ya hema dogo, katika joto kali, kulimtesa sana. Speke akaogopa kwamba joto lingemwua mwenzake, akairudisha kamera Unguja. Kwa hiyo Grant alipofika huku Karagwe alikuwa na kalamu na rangi tu, akachora. Baadhi ya michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kamera yao haikufika huku.

Sasa tutazame kamera ya leo. Mfano mmoja ni Sony α7C, iliyotolewa mwaka 2020. Bila lenzi, uzito wake ni gramu 509, pamoja na betri na kadi ya kuhifadhia picha. Ni kama nusu kilo ya sukari. Kwa nini ni ndogo hivi? Kwa sababu haina kioo ndani. Kamera nyingine zina kioo kilichoinama, kinachopeleka nuru kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza kifungo, kioo huruka juu na kulia "kapu!" Katika kamera isiyo na kioo, nuru huenda moja kwa moja kwenye kihisi, nawe huona picha katika skrini. Kama picha itakuwa na giza, kwa kawaida utaiona hivyo kabla hujabonyeza.

Ingawa kamera ni ndogo, kihisi chake ni kikubwa. Upana wake ni karibu milimita 36, na urefu wake 24. Ni kipimo cha filamu ya kamera ya Leica, iliyotokea Ujerumani mwaka 1925. Kwa hiyo huitwa kamera ya fremu nzima. Kihisi cha simu ni kidogo zaidi sana.

Ukubwa huo una faida gani? Weka kikombe na beseni nje wakati wa mvua. Kipi kitapata maji mengi? Ni beseni. Vivyo hivyo, kihisi kikubwa hupokea nuru nyingi. Faida hii huonekana ndani ya nyumba. Wazee wetu hukaa ndani, na nyumba nyingi zina madirisha madogo, tena migomba huzitia kivuli. Simu hupata shida humo, lakini kamera hii hufanya kazi vizuri.

Sasa tufuate hatua za kazi yenyewe.

Kwanza, msalimu mzee na umwombe ruhusa. Umweleze picha ni ya nini. Akikataa, usimpige kwa siri.

Pili, mketishe karibu na mlango au dirisha, nuru imwangukie upande mmoja wa uso. Usimwashie taa ya kamera machoni.

Tatu, bana viwiko vyako mbavuni, tulia, kisha bonyeza. Mkono ukitikisika, picha huharibika. Zungumza naye, na upige picha kadhaa.

Kamera hii ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni betri. Skrini hula umeme wakati wote, hata kama hupigi picha. Zima kamera usipoitumia, na uchaji betri mapema, kwa maana umeme huweza kukatika. La pili ni vumbi. Kwa kuwa hakuna kioo mbele, ukitoa lenzi kihisi mara nyingi hubaki wazi. Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu huingia upesi. Badilisha lenzi ndani ya nyumba, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Usipulize kwa kinywa, mate yataingia.

Mtauliza, "Nani ataweza kuinunua?" Bei yake ni shilingi milioni kadhaa, na si kila nyumba itaimudu. Lakini ndugu wanaweza kuchanga na kumwita mpiga picha mara moja kwa mwaka. Mkishajua haya, mtamwambia, "Mpige Bibi hapa mlangoni." Na mwenye simu tu atumie nuru hiyo hiyo ya mlangoni, atapata picha nzuri kuliko ya gizani.

Jambo la mwisho ni lenu hasa. Picha ikibaki ndani ya kadi, kadi ikipotea nayo imepotea. Pelekeni picha studio ikasafishwe kwenye karatasi. Kisha geuzeni nyuma, mwandike kwa kalamu jina la mzee, la baba yake, la kijiji, na mwaka. Picha isiyo na jina, baada ya miaka hamsini, ni picha ya mtu asiyejulikana. Kamera haiwezi kuandika jina la babu yenu. Ninyi sasa mnaweza.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini kihisi kikubwa hufaa ndani ya nyumba?
2. Tufanye nini ili vumbi lisiingie katika kamera?
3. Andika maneno utakayoweka nyuma ya picha ya mzee wako.

Kwa herini, hadi somo lijalo.