Gati linaloelea kwenye bwawa la shamba: pima maji ya Oktoba, siyo ya Machi

Leo tuongee jambo ambalo wengi wenye mabwawa hapa Masasi na Newala hatulipi uzito: unayafikiaje maji yako bila kuhatarisha mtu?

Wa Newala hahitaji kuambiwa thamani ya maji. Juu ya uwanda hakuna mto, na maji ya Mradi wa Makonde yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka bondeni tangu miaka ya 1950. Udongo wetu ni mchanga, maji yanazama. Ndiyo maana anayechimba bwawa la kuvuna mvua analazimika kutandika nailoni chini. Masasi kwenye mbuga za udongo mzito unaweza kupata lambo la kawaida tu.

Sasa hatari iko hapa. Kingo za nailoni zikilowa zinateleza kama sabuni. Mtoto akiteleza na ndoo, hata kama maji hayamfiki kichwani, kupanda kutoka ni kazi kwelikweli. Mtu mzima naye vilevile. Kwenye lambo la udongo, tope la ukingoni linashika miguu.

Wengi wanajibu kwa kusimika nguzo na kupiga mbao juu yake. Mwezi wa tatu bwawa limejaa, linapendeza. Ukifika wa kumi maji yameshuka mita moja na nusu, na mtu anainama kutoka juu kuchota. Hapo hatari imerudi palepale. Gati linaloelea linashuka pamoja na maji. Ni akili ileile ya pantoni, au ya vizimba vya samaki kule Ziwa Victoria.

Vifaa

Mapipa manne ya plastiki ya lita 200 yenye vifuniko vizima, mbao, bolti na nati, kamba ya nailoni, bawaba mbili imara. Misumari mitupu italegea kwa mtikisiko. Na tafadhali, pipa lililobeba viuatilifu vya korosho usilitumie, hata ukilisuuza mara kumi. Chagua lililobeba mafuta ya kula au sabuni, ulisafishe vizuri mbali na bwawa.

Hesabu ya uzito

Pipa la lita 200 likizama lote linabeba karibu kilo 200. Usilitegemee kwa kiasi hicho. Hesabu nusu, yaani kilo 100. Mapipa manne ni kilo 400. Toa mapipa yenyewe kama 40, mbao za gati kama 100, na nusu ya uzito wa daraja, tuseme 40. Zinabaki 220. Mtu wa kilo 60 na ndoo ya lita 20 ni kilo 80. Kwa hiyo ruhusu watu wawili na ndoo zao, basi. Mbao zako zikiwa nzito zaidi, rudia hesabu au ongeza pipa.

Kuunda

1. Kaza vifuniko vizuri, kisha zamisha kila pipa uangalie mapovu. Linalotoa povu liache.
2. Tengeneza fremu ya mita 2.4 kwa 2. Laza mapipa mawili kila upande mrefu, karibu na ukingo. Ukiyakusanya katikati gati litapinduka.
3. Kila pipa lishikwe na mbao pande zote, kisha lifungwe kwa kamba sehemu mbili. Pipa lililozama linasukuma juu na pembeni, likipata upenyo linachomoka.
4. Piga mbao za juu ukiacha nafasi ya kidole kati yake ili maji yapite. Tandika wavu wa kuku juu, ncha zote zikunjwe chini, miguu isiteleze.

Daraja la kupitia

Urefu wake uwe angalau mara tatu ya kina ambacho maji hushuka. Maji yakishuka mita 1.5, daraja liwe mita 4.5. Fupi zaidi ya hapo litakuwa ngazi. Upande wa nchi kavu funga kwa bawaba kwenye gogo lililozikwa nje ya nailoni. Upande wa gati usipigilie. Uache uteleze kati ya vipande viwili vya mbao, na kamba ya akiba ili usidondoke majini. Weka mkono wa kushikia, hata wa mianzi.

Fungia gati kwa kamba za pembeni zinazokwenda kwenye vigingi vya nchi kavu. Ukipigilia kigingi ndani ya nailoni umetoboa bwawa. Maji yakishuka, rekebisha kamba. Kwenye lambo la mteremko mdogo, maji hurudi nyuma hatua nyingi, hivyo andaa sehemu mbili za kufungia, ya masika na ya kiangazi.

Matumizi

Usichanganyie dawa ya mikorosho juu ya gati. Tone likimwagika, perege wako wako hatarini, na maji ya mifugo pia. Chota, upande, uchanganyie mbali. Ning'iniza kamba yenye mafundo inayofika majini, na nyingine kila upande wa bwawa, aliyeanguka apate cha kushika. Zungushia uzio wenye mlango. Gati linarahisisha kufika majini, kwa hiyo linamrahisishia na mtoto asiye na mtu.

Kipimo cha yote haya kichukue Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Simamisha kijiti chenye alama leo, uone yanashuka kiasi gani. Ukikwama kwenye hesabu, mwone afisa ugani au afisa uvuvi wa eneo lako kabla hujanunua mbao. Kazi njema.