Maji Yachemke, Chai Ipoe: Vyombo vya Chai na Afya ya Umio

Katika nyumba za Nyakunguru, kama kwingineko mkoani Mara, chai huchemshwa kwenye sufuria, humiminwa ndani ya chupa, kisha humfikia mnywaji ingali ikifuka mvuke. Tangu sufuria hadi kinywani, kila chombo huongeza au hupunguza joto litakalopita kooni.

Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani ya umio. Kinacholaumiwa ni joto, wala si majani ya chai. Ukanda wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa watu walianza kunywa chai ikiwa na wastani wa takriban nyuzi 71, na kwamba chai ya maziwa ilichelewa kupoa kuliko ya rangi.

Kuchemsha

Tahadhari hiyo isimfanye mtu apunguze moto. Katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu nyuzi 95, badala ya 100. Kiwango hicho chatosha kuua vimelea vya kipindupindu na vya kuhara, mradi maji yatokote kwa dakika moja kamili. Sufuria yenye kifuniko huokoa kuni. Jiko banifu hupunguza moshi, ambao nao hudhuru mapafu. Jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Anayenunua birika la umeme achague linalojizima lenyewe maji yachemkapo.

Kunywa

Chupa ya chai ndiyo yenye hila zaidi, kwani huweza kuishikilia chai juu ya nyuzi 65 kwa saa kadhaa. Chai iliyokaa chupani tangu alfajiri isidhaniwe kuwa imepoa. Imiminwe kwenye kikombe chenye mdomo mpana, kisha iachwe wazi kwa dakika tano au zaidi. Kikombe kirefu chenye kifuniko huchelewesha kupoa. Anayependa maziwa aweza kuyachemsha kando, akayapoza, kisha akayatia kikombeni.

Kipimajoto cha homa kisitumbukizwe katika chai: hakikuundwa kwa joto kali kiasi hicho, na cha kioo chaweza kupasuka. Kipimajoto cha vyakula hufaa zaidi. Asiyekuwa nacho azingatie dalili iliyo wazi: chai inayomlazimu mnywaji kuipuliza na kuifyonza kwa sauti bado ni ya moto mno. Watoto nao wakae mbali na mafiga, kwani maji ya moto huwaunguza vibaya.

Mhudumu wa afya amuulizapo mgonjwa kuhusu tumbaku na pombe, amuulize pia huinywaje chai yake. Mtu ambaye ugali unamkwama kifuani, akalazimika kuusukuma kwa maji, au anayekonda bila sababu, asingoje hadi ashindwe kumeza hata uji. Afike kituo cha afya mapema, ili apewe rufaa ya kuchunguzwa umio.