Fahamu: Namna ya kumsaidia mtoto mwenye hofu ya mtihani

Kila Septemba, wanafunzi wa darasa la saba nchini Tanzania hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Siku zikikaribia, wazazi wengi husikia kilio kilekile asubuhi: "Mama, tumbo linauma."

Je, anadeka?

Mara nyingi, hapana. Ubongo ukihisi hatari, mwili humwaga adrenalini: moyo hudunda mbio, viganja hulowa jasho, tumbo husokota. Chanzo ni wasiwasi, lakini maumivu ni ya kweli.

Ufanye nini?

Msikilize kwanza. "Acha woga" humfunga mdomo. "Naona una wasiwasi, niambie mwanangu" humfungua. Kisha pumueni pamoja: avute hewa puani taratibu, aitoe mdomoni polepole zaidi, kama anayepoza chai ya moto.

Usimkesheshe na madaftari. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Wala usimwache nyumbani kila anapoogopa, kwani hofu inayokwepwa hukua. Msindikize hadi getini.

Utafute msaada lini?

Hofu ikidumu wiki kadhaa, ikamnyima usingizi, chakula au shule, zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha au daktari. Simu ya huduma kwa mtoto, 116, hupigwa bure.

Zaidi ya yote, mwambie leo, kabla ya matokeo: alama hazipimi upendo wako kwake.