Herufi za Visigino katika Chapa ya Kiswahili na ya Kimatengo

Miongoni mwa sura za herufi zilizozoeleka katika chapa ya Kiswahili ni ile iitwayo Times New Roman. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, chini ya uangalizi wa Stanley Morison, na mchoraji wake alikuwa Victor Lardent. Gazeti hilo lilianza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932, likaiacha mwaka 1972.

Alama yake ni vijiti vidogo vinavyokingama miishoni mwa mistari ya herufi, mfano wa visigino. Herufi zake ndogo zina kimo kikubwa na upana haba, maana safu za gazeti ni finyu. Yasemwa kuwa visigino huliongoza jicho. Lakini yaelekea nguvu yake kubwa ni mazoea ya msomaji. Wembamba ndio wenye faida iliyo dhahiri zaidi kwa Kiswahili. Neno kama «hawakutuandikia» ni sentensi nzima, na herufi pana hulazimisha kulikata mwisho wa mstari.

Zamani za herufi za risasi palikuwa na taabu nyingine. Kasha lililopimwa kwa Kiingereza lilijaa e, hali Kiswahili chataka a kuliko herufi nyingine yoyote, na k karibu katika kila mstari. Mpangaji aliweza kuishiwa na a ukurasa ungali nusu.

Katika Matiri, wilayani Mbinga, jambo lina uzito zaidi, kwa kuwa Kiswahili huko chakaa pamoja na Kimatengo. Msamiati wa lugha hiyo ulitolewa na Johannes Häfliger, mmisionari Mbenediktini, mwaka 1909, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa ina irabu saba. Herufi tano za Kiswahili hazitoshi: maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu tu huonekana neno moja, na msomaji hubaki kubahatisha. Wanaisimu huongeza ɛ na ɔ. Lakini herufi hizo zikiazimwa katika sura isiyo na visigino, zikatiwa kati ya herufi zenye visigino, ukurasa huwa kama nguo yenye viraka, na lugha yenyewe huonekana ngeni katika kitabu chake.

Dawa ipo. Charis SIL, iliyotokana na sura ya Charter ambayo Matthew Carter aliichora mwaka 1987, inazo ɛ na ɔ zenye unene na tabia ya jirani zake, katika maumbo ya wima, ya mlazo na ya wino mzito. Mtunga kamusi aweza basi kuandika kidahizo kwa wino mzito na mfano kwa mlazo pasipo kubadili sura. Hata hivyo udogo wa herufi ni adui: katika karatasi duni, wino ukitanda, e na ɛ hukaribiana mno, na kwa vitabu vya watoto yafaa herufi ziwe kubwa na mistari iachane.