Mzizi Mchungu wa Waacholi

Kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, mtu akiua mtu wa ukoo mwingine, koo zote mbili huingia matatani. Uhusiano hukatika papo hapo. Hakuna kuoana, hakuna kula pamoja, na kwa mujibu wa mila hata kuchota maji kisima kimoja ni mwiko. Muuaji hutengwa, maana huaminika kwamba cen, roho ya marehemu yenye kinyongo, itamwandama yeye na wa nyumbani kwake. Hali hiyo inaweza kudumu miaka na miaka.

Kinachoimaliza ni mato oput, yaani kunywa oput, mti wenye mizizi michungu. Wakati wa vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), wengi walioandika habari zake waliisifu kama sherehe ya msamaha. Mimi naona waliutazama mwisho wakauruka mwanzo. Kabla ya msamaha, wazee huenda na kurudi baina ya koo mbili wakipoza hasira na kusikiliza kila upande, na kazi yao ngumu kuliko zote ni kumfikisha mkosaji mahali pa kusema: nilifanya, na nilifanya hivi. Asipokiri, shughuli haiendi mbele. Akikiri, hufuata fidia, culo kwor, na ukoo wake wote huchanga: huyu ng'ombe, yule mbuzi, mwingine fedha. Zamani aliweza kutolewa binti, akabidhiwe ukoo wa marehemu ili azae mtoto wa kushika nafasi ya aliyekufa. Ulikuwa ukatili kwa msichana asiye na kosa, na ulistahili kuachwa. Siku hizi mali hiyo inaweza kumlipia mahari kijana wa ukoo uliofiwa, ili mtoto apatikane kwa njia hiyo.

Siku ya kunywa ikifika, upande wa muuaji huleta kondoo na upande uliofiwa huleta mbuzi. Wanyama hukatwa nusu kwa nusu na pande mbili hubadilishana. Mizizi ya oput hupondwa, ikachanganywa na pombe ya kienyeji kwenye kibuyu. Wawakilishi wa koo hizo hupiga magoti wakielekeana, mikono nyuma, kisha huinama na kunywa kwa pamoja katika kibuyu hicho kimoja, vichwa vikigusana. Baada ya hapo watu hula pamoja, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikilinganisha hayo na adhabu za shule zetu, naona pengo. Tanzania, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Mwanafunzi aliyemwibia mwenzake akichapwa, kesi imefungwa. Aliyeibiwa hakuulizwa amepoteza nini wala hakurudishiwa kitu, na kesho wawili hao wanakaa dawati moja. Mzee wa Kiacholi angeuliza: huyu mtoto mwingine mmemsahau?

Tukirudi kwa Waacholi, kwa waliotekwa na LRA ipo desturi nyepesi zaidi, nyono tong gweno, kukanyaga yai. Anayerudi hukanyaga yai bichi lililowekwa pamoja na kijiti cha opobo, mti wenye utelezi uliotumika kama sabuni, na layibi, mti wa kufungulia ghala la nafaka. Yai halina mdomo wa kusema mabaya. Layibi inamwambia kwamba chakula cha nyumbani bado ni chake. Hii ni ya kumpokea mtu tu, na haifuti deni la damu.

Makubaliano ya Juba ya Juni 2007, baina ya serikali ya Uganda na LRA, yalizitaja mila hizi. Swali kubwa, kama mila hizi zinatosha kwa makosa ya vita, likaja The Hague. Dominic Ongwen, Mwacholi aliyetekwa akiwa mtoto akaja kuwa kamanda wa LRA, alitiwa hatiani Februari 2021 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Mawakili wake waliomba mato oput izingatiwe katika adhabu yake. Majaji walikataa, wakamfunga miaka 25. Naipenda mila hii, lakini hapo naona walikuwa sahihi. Miongoni mwa kambi za wakimbizi wa ndani ambazo alitiwa hatiani kwa mashambulizi dhidi yake ni Abok, iliyoko kwa Walango, ambao wana desturi yao, kayo cuk. Mato oput hutaka muuaji anayejulikana, marehemu anayejulikana, na koo mbili zilizo tayari kunywa. Kambi iliyochomwa usiku na kundi la wapiganaji haitimizi masharti hayo.

Lakini katika jambo moja mahakama na wazee waliafikiana: waliodhurika wana haki ya fidia. Februari 2024 majaji waliamuru kila mwathirika apewe euro 750, kwa watu wapatao 49,772. Ongwen hana mali, kwa hiyo mfuko wa waathirika wa mahakama ndio ulioombwa kuitafuta fedha hiyo kwa wafadhili. Mfiwa wa Lukodi au Odek, kambi nyingine katika hukumu hiyo, akiipata, itakuwa imetoka kwa watu wasiomjua, wala si katika zizi la ukoo wa aliyemkosea.