Mbwa Jitu, Umri Mfupi

Cheo cha mbwa mrefu kuliko wote duniani hakikai sana na mwenyewe. Zeus, Great Dane wa mji mdogo wa Otsego katika jimbo la Michigan, Marekani, ndiye anayeshikilia rekodi ya Guinness ya mbwa wote waliowahi kupimwa: sentimita 111.8 kutoka chini hadi begani. Akisimama kwa miguu ya nyuma alipita mita 2.2. Alikufa Septemba 2014 akiwa na miaka 5. Giant George wa Arizona, aliyeshika rekodi hiyo kabla yake, alikufa mwaka 2013 akikaribia kutimiza miaka 8, na kwa wenzake hao alikuwa mzee. Zeus mwingine, wa Texas, alitangazwa mwaka 2022 kuwa dume mrefu kuliko wote walio hai. Akashikwa na saratani ya mifupa, akakatwa mguu, na Septemba 2023 akafa. Alikuwa na miaka 3. Akaja Kevin wa Iowa, jibwa la sentimita 97 lililoogopa mashine ya kufyonza vumbi. Alitangazwa Juni 2024 na hazikupita siku nyingi akafa, naye pia akiwa na miaka 3.

Wote wanne ni wa aina ya Great Dane. Mtu angeweza kusema ni mkosi wa familia moja, lakini takwimu haziungi mkono habari za mkosi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2024, uliochambua kumbukumbu za mbwa zaidi ya 580,000, ulitafuta umri wa kati wa kila aina, yaani umri ambao nusu ya mbwa huwa wameshakufa. Great Dane walipata miaka 10.6, Irish Wolfhound 9.9, Saint Bernard 9.3, Mastiff 9.0 na Cane Corso 8.1. Lancashire Heeler, kijibwa cha miguu mifupi ambacho wengi hawajawahi hata kukisikia, kilifika miaka 15.4. Ukubwa si sababu pekee, maana French Bulldog naye ni mdogo na bado aliishia 9.8, huyo ana balaa lake la pua iliyobanwa. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, Cornelia Kraus wa Chuo Kikuu cha Göttingen na wenzake walikuwa wamelinganisha aina 74 za mbwa na kukuta kwamba kila kilo 2 za ziada za uzito wa mwili huambatana na kupungua kwa maisha kwa karibu mwezi mmoja.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba linakwenda kinyume na tunayoyaona porini. Panya haoni mwaka wa nne. Echo, tembo jike aliyeongoza familia yake huko Amboseli na kufuatiliwa na watafiti kwa zaidi ya miaka 30, alikufa mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 65 hivi. Ukilinganisha mnyama wa jamii moja na wa jamii nyingine, mkubwa ndiye anayeishi zaidi. Ukiingia ndani ya jamii moja, hesabu inapinduka: wadogo ndio wanaowazika wakubwa, na hakuna mnyama anayeonyesha hilo waziwazi kuliko mbwa, kwa sababu hakuna jamii nyingine ya mamalia wa nchi kavu ambayo wanyama wake wanapishana kiasi hicho kwa kimo. Tembo alipewa mamilioni ya miaka ya kujijengea kinga za kuubeba mwili wake, zikiwamo nakala nyingi za jeni inayozuia saratani. Mbwa jitu hakupewa muda huo. Wafugaji wa Ulaya walimtaka mkubwa, wakampata ndani ya vizazi vichache, na kinga zikabaki zile zile za mbwa wa kawaida.

Kraus na wenzake walionyesha pia kwamba tatizo kubwa la majitu ni mwendo wa kuzeeka. Uzee ukishaanza kwao huenda mbio.

Chanzo kimoja cha mbio hizo kinajulikana. Mwaka 2007 kikundi cha watafiti akiwemo Elaine Ostrander wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kilitangaza kwamba sehemu moja ya jeni iitwayo IGF1 inachangia pakubwa udogo wa mbwa: karibu mbwa wote wadogo wana toleo moja la jeni hiyo, na majitu kwa kawaida hawana. Jeni hiyo huagiza kutengenezwa kwa homoni inayochochea ukuaji, inayoziambia seli zigawanyike na ziendelee kugawanyika. Mwaka 2022 ikaja habari nyingine ya kushangaza: toleo la udogo lilikutwa katika mabaki ya mbwamwitu aliyeishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita, kabla binadamu hajafuga mbwa hata mmoja. Udogo haukubuniwa na mabibi wa Paris waliotaka mbwa wa kupakata. Ulikuwapo, ukasubiri.

Majitu nayo hulipia homoni hiyo tangu utotoni. Mtoto wa Great Dane huzaliwa na uzito usiofika kilo moja, na katika mwaka wake wa kwanza unaongezeka karibu mara mia. Mifupa yake ni kama ghorofa linalopandishwa kabla zege la chini halijakauka. Mwenye mbwa akiona miguu inapinda, hukimbilia kumwongezea madini ya kalsiamu, na hapo ndipo anapomharibu: watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watoto wa Great Dane hawawezi kukataa kalsiamu ya ziada, na mifupa huota vibaya. Seli zilizogawanyika kwa kasi namna hiyo zimepata pia nafasi nyingi za kukosea, na haya ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu saratani ya mifupa kuwaandama mbwa warefu. Hujitokeza hasa karibu na bega, goti na kifundo cha mguu wa mbele.

Moyo nao hutanuka hadi ukashindwa kusukuma damu. Lakini kinachotisha zaidi ni tumbo. Mbwa mwenye kifua kirefu na chembamba anaweza kula jioni akiwa mzima, kisha mfuko wa tumbo ukajaa gesi na kujisokota, njia zote mbili zikazibika na damu ikakwama isirudi moyoni. Anazunguka hatulii, anajaribu kutapika hakitoki kitu, tumbo limekuwa gumu. Bila upasuaji atakufa ndani ya saa chache. Kwa miaka mingi watu waliuziwa vinara vya kuinulia bakuli wakiambiwa vinazuia janga hilo, hadi mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipoona bakuli lililoinuliwa linaambatana na hatari zaidi. Kinga yenye uhakika zaidi ni kuushona mfuko wa tumbo kwenye ukuta wa fumbatio mapema, mara nyingi siku ile ile mbwa anapohasiwa.

Kwamba mambo hayakulazimika kuwa hivi kunathibitishwa na mbwa aitwaye Barry. Huyu alizaliwa mwaka 1800 katika nyumba ya watawa kwenye mapito ya Great Saint Bernard, milimani Uswisi, na anasifiwa kuokoa watu zaidi ya 40 waliopotea thelujini. Inakadiriwa alikuwa na kilo 40 hadi 45. Saint Bernard wa leo hupita kilo 65 bila shida. Barry alistaafishwa Bern na kufa huko mwaka 1814, akiwa na miaka 14. Ngozi yake ilikaushwa na ipo hadi leo katika makumbusho ya historia ya asili ya mji huo. Ila mwaka 1923 ilipotengenezwa upya, kichwa chake kilibadilishwa sura ili kifanane na Saint Bernard wa wakati huo, jitu lenye paji zito. Mbwa halisi hakuonekana kuwa wa kutosha.

Sasa dawa inatafutwa. Kampuni ya Loyal ya San Francisco ina sindano inayopunguza homoni ya IGF1 kwa mbwa wakubwa, na Novemba 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikubali kwamba ipo sababu ya kutarajia ifanye kazi, ingawa hilo si idhini kamili ya kuuzwa. Kuna kichekesho hapo: binadamu humchagua mbwa kwa wingi wa homoni, kisha hutafuta sindano ya kuipunguza.

Kipo kilichothibitishwa bila sindano. Nchini Marekani, Labrador 48 waligawanywa ndugu kwa ndugu, mmoja akipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake maisha yake yote. Waliopunguziwa walifika umri wa kati wa miaka 13, wenzao 11.2, na viungo vya hao waliopunguziwa vilichelewa kuuma. Labrador si jitu, lakini madaktari wa mifugo hutoa ushauri huo huo kwa Boerboel, mbwa mzito wa Afrika Kusini anayelinda mageti ya Nairobi na Dar es Salaam, na ambaye mara nyingi hunenepeshwa ili atishe. Mpapase mbavu kwa kiganja. Zikihisika bila kubonyeza, yuko sawa. Zikihitaji kutafutwa, ugali wa jioni upunguzwe.